Gari Linalojichaji Lenyewe Halitambeba Mpwa Wangu

Elinaja Mshana (Mjomba wa Bibi Harusi),
Juu ya duka la Vinod,
Tooting, London.
Jumatano, Juni 2007.

Kwa Ndugu Faustine,
Mwenyekiti, Kamati ya Harusi ya Valeria na Alexis,
Kingsbury.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA BIBI HARUSI KUPAKIWA KWENYE GARI LINALODAIWA KUJICHAJI

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na goti lako. Hapa watu huomba kichwa cha habari kirejewe, lakini wewe na mimi tumeandikiana barua nyingi za kamati na najua huwa hukisomi. Hiki kisome. Nimekipigia mstari kwa rula.

Nakuandikia leo kama mjomba. Ningekuwa naandika kama Elinaja tu, yule unayemjua, mtu wa utani na kahawa, ningekupigia simu tukayamaliza. Lakini mjomba ni cheo, na cheo hakipigi simu. Kinaandika.

Kwa faida ya wanakamati watakaosomewa barua hii (naomba wasomewe, na asome mtu mwenye sauti), nikumbushe kilichotokea. Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kingsbury, ulifika kwenye kipengele cha Usafiri wa Bibi Harusi. Ukatamka, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, kwamba mpwa wangu Valeria hatapanda gari langu Kifaru, ambalo limepeleka kanisani mabibi harusi wote wa jumuiya yetu, bali atapanda gari dogo la umeme la mchumba wake, Alexis. Nikauliza swali moja tu, tena la kitaalamu: kutoka Tooting hadi Kingsbury ni London nzima, kutoka kusini hadi kaskazini, chaji itafika? Alexis akasimama. Ni kijana mwenye adabu, na hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kumchukia. Akanijibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu, ambacho mjomba ni tonton na umeme ni kuran: “Usiogope, tonton. Iyi motokari inajichaji yenyewe. Ukifinya freni, kuran inarudia mu batri.”

Kikao kizima kikapiga makofi. Mama Euphrasie, shangazi yake Alexis, akaongeza vigelegele, kama vile gari ndilo lililokuwa linaolewa.

Nikainuka, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Nilitoka kwa heshima. Ule mlango uliojigonga kwa kishindo ulijigonga wenyewe, na kwa kuwa kamati sasa inaamini vitu vinavyojifanyia vyenyewe, sitegemei kuulizwa. Yaliyofuata sikuyasikia na sikuhitaji kuyasikia. Ilikuwa imebaki chai, keki na Mengineyo.

Kabla ya malalamiko yenyewe, kuna jambo moja. Dada yangu Nakunda, mama yake Valeria, amenyimwa viza tena. Mnajua. Msichojua ni alichoniambia kwenye simu siku alipopata jibu. Hakulia. Alisema: “Elinaja, mimi sitakuwepo. Mtoto wangu umfikishe wewe mpaka mlango wa kanisa. Asifikishwe na mtu mwingine.” Nikasema ndiyo. Valeria huyu nilimpokea uwanja wa ndege akiwa na miaka minane, amevaa sweta mbili na kiatu kimoja, cha pili kimebaki kwenye ndege. Nikamlaza kiti cha nyuma cha Kifaru. Kifaru ndiye aliyempeleka shule, Kifaru ndiye aliyempeleka chuo cha uuguzi. Sasa imebaki safari moja tu, na hiyo ndiyo kamati imeipa betri.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Suala la breki. Alexis anasema ukikanyaga breki umeme unarudi. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimekanyaga breki katika mji huu tangu mwaka 1986. Nimekanyaga kwenye mataa ya Tooting Broadway, nimekanyaga kwa ajili ya mbweha, kwa ajili ya mabibi na vitoroli vyao vya sokoni, na mara moja kwa ajili ya farasi wa polisi, ambaye aligeuka akanitikisia kichwa cha shukrani, na aliyempanda akaona aibu naye akanishukuru. Sijawahi hata siku moja kushuka nikakuta tanki limejaa. Mabasi ya hapa yanasimama kila kituo, na mengine yanasimama hata pasipo kituo. Kama kusimama kunazalisha umeme, basi namba 44 peke yake lingekuwa linawasha taa za London nzima, na dereva wake angekuwa waziri wa nishati.

2. Sijui kama kamati inafahamu inabishana na nani. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini lile la zamani, ambalo mtu akitoka anajua kitu. Na mwaka 1979 nilikuwa kwenye bwawa la umeme kule kwetu Upareni. Kuna watu wa hapa Tooting wanaosema nilikuwa mlinzi wa geti. Sikatai kwamba nilikuwa naonekana getini. Lakini mwaka ule maji yalipopungua hadi kambale wakawa wanatembea kwa mapezi wakitafuta kwao, mhandisi wa Kizungu alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nikamwambia, nipishe. Nikafunga mnyororo wa baiskeli yangu kwenye ile mashine kubwa, nikapiga pedali kuanzia adhuhuri, na mji wote wa Mwanga ukala chakula cha jioni taa zikiwaka. Yule Mzungu alinikumbatia akaniahidi cheti. Nadhani bado kiko njiani.

Kwa hiyo umeme mimi naujua kwa mapaja yangu, na mapaja yanasema hauji bure. Nani kati yenu hakuwahi kuwa na baiskeli ya dainamo? Ukiibana ile dainamo kwenye tairi, taa inawaka, sawa. Lakini papo hapo baiskeli inakuwa nzito, unageuka nyuma ukidhani kuna mtu amerukia keria. Taa inakula mguu wako. Sasa hili gari linakula mguu wa nani? Swali hili nilikuwa nalo kikaoni, makofi yakalizidi.

3. Sisi siyo wageni wa kuchaji. Betri za redio zilipoisha tulizing'ata kidogo, tukazianika juu ya bati, na jioni tukapata taarifa ya habari. Lakini ikifika kwenye michezo msomaji anaanza kuongea kama mtu anayezama, na matokeo ya mpira mtu unayafuata kwa jirani. Na lile lilikuwa jua la Same! Hapa London jua lenyewe linahitaji kuchajiwa. Nilimpelekea Vinod suala hili, mwenye duka hapa chini, mzaliwa wa Mwanza ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha katibu wetu. Alikuwa anapanga mihogo. Hakuinua hata kichwa. Akasema: “Mzee Elinaja, mimi nauza betri tangu marehemu baba yuko kaunta. Wateja wananirudishia betri kila wiki, wanagomba, wanataka nyingine. Bado sijaona hata moja iliyorudi imejaa kuliko ilivyoondoka.”

4. Gari halina sauti. Nimelisikiliza, au tuseme nimejaribu. Harusi ya kwetu husikika kabla haijaonekana. Nyumbani tungekuwa na matarumbeta juu ya pikapu. Hapa hatuna, kwa hiyo tuna honi, na honi isinyamaze kutoka Tooting hadi Kingsbury, majirani wajue kuna mtoto wa watu anaolewa. Sasa honi inakula betri. Tukipiga honi inavyostahili, tutafika Wandsworth tukiwa na honi bila gari. Tusipopiga, Valeria atafika kanisani kimyakimya kama mtu aliyekuja kusoma mita. Kifaru akiwashwa Tooting, mpiga kinanda wa Kingsbury anakaa sawa.

5. Namba tano nimeifuta kwa heshima ya Mama Euphrasie.

6. Gauni. Gari lina ukubwa wa kabati la viatu, na gauni la Valeria, ambalo limetundikwa mlangoni mwangu wiki ya pili sasa hata nashindwa kufika bafuni, lina mkia. Mkilikunja gauni, hakuna pa kumweka Valeria. Mkimkunja Valeria, hakuna pa kumweka dereva. Na dereva mwenyewe hamkumtaja! Nadhani hapo nako mnategemea litajiendesha.

Najua yanayosemwa kuhusu Kifaru. Kwamba kwenye harusi ya Bijou, bibi harusi aliingia kanisani na shela lililogeuka rangi ya majivu kwa moshi. Kwanza, wengi walidhani ni fasheni, na mmoja aliniuliza lilinunuliwa wapi. Pili, Kifaru ni mtu mzima, na mtu mzima akikohoa hafukuzwi sebuleni. Tatu, ni Kifaru huyuhuyu aliyetoka Birmingham usukani mkononi mwangu, dizeli ikaisha Coventry, na akatembea mpaka Tooting tanki likiwa kavu kabisa. Umenisikia nikidai alijichaji? Sijadai. Alinistahi tu.

7. Hapa naomba katibu aache kutafuna.

Jana asubuhi nilipita mtaani kwa Alexis kwa bahati tu. Kwa bahati nilikuwa na Vinod, na kwa bahati tukajikuta tumechutama nyuma ya mapipa ya taka. Alexis anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo mchana amelala. Gari lake lilikuwa nje. Na nilichokiona, Ndugu Mwenyekiti, nimekiona kwa macho yangu haya ambayo hayajavaa miwani isipokuwa ya kusomea.

Kulikuwa na waya. Waya wa rangi ya chungwa, mnene kama kidole. Umetoka dirisha la ghorofa ya pili, ukapita juu ya suruali za jirani zilizoanikwa, ukashuka na bomba la maji ya mvua, ukakatiza njia ya waenda kwa miguu chini ya zulia la mlangoni ili watu wasijikwae (nimesema ana adabu), na ukaingia ubavuni mwa lile gari. Linanyonya kama ndama.

Nikamwuliza Vinod kwa kunong'ona: unaona ninachokiona? Akasema: “Naona ekstensheni, mzee. Nimemuuzia mimi.”

Haya. Kitu kinachojichaji chenyewe kinafanya nini na ekstensheni? Mtu akiwatangazia watu kwamba amefunga, kisha akutwe na sahani ya wali chini ya kanzu, mtasema amejishibisha kwa maombi?

8. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo. Siamini kwamba Alexis ni mwongo. Angekuwa mwongo ingekuwa nafuu; waongo nawaweza, nimeishi nao. Tatizo ni kwamba Alexis anaamini. Anachomoa waya mwenyewe, anaukunja mwenyewe, anaingia garini, anakanyaga breki mara mbili pale kwenye mataa, na moyoni mwake anasema: ajabu, limejichaji! Sasa mpelekee mtu wa namna hiyo mke. Atafungua friji akute chakula, aseme friji linajijaza. Atavaa shati limenyooka, aseme mashati ya siku hizi yanajipiga pasi. Mtoto akiwa mkavu, basi amejibadilisha nepi. Na Valeria, akitoka hospitali amechoka, miguu imevimba, atakuwa amesimama jikoni bila mtu kumwona. Huyo mpwa wangu ndiye atakayekuwa waya.

Nimemlea mimi. Sikumlea aje kufichwa chini ya zulia.

9. Na kama nimekosea, kama ni kweli gari linajichaji, hapo ndipo pabaya zaidi. Maana yake hakuna tena haja ya mtu wa kujaza, wala wa kusukuma, wala wa kufungua boneti akasema “hebu jaribu sasa”. Leo gari linajichaji. Kesho litajiendesha mpaka kanisani. Keshokutwa bibi harusi atajifikisha mwenyewe, na mjomba atabaki kwa Vinod akiangalia harusi kwenye mkanda wa video, akisimamisha picha ili aone kama kuna mahali ametajwa. Na simu ikilia kutoka Same, nitamwambia nini Nakunda? Kwamba mtoto alifika, lakini sijui alifikaje?

Kwa hayo yote, naomba kamati yako iridhie yafuatayo:

(a) Gari la Alexis lifungiwe kwenye gereji iliyo nyuma ya duka la Vinod, mlango upigwe kufuli, ufunguo akae nao Mchungaji, bila waya, bila dirisha, bila jua, mpaka asubuhi ya harusi. Ndani liko huru kukanyaga breki kadiri litakavyo.

(b) Likitoka na chaji nyingi kuliko lilivyoingia, mimi Elinaja Mshana nitakubali hadharani, na kwenye ukumbi nitakaa meza ya watoto, kwenye kile kiti cha chini, na nitavaa kofia ya karatasi.

(c) Likitoka kama lilivyoingia au pungufu, Kifaru arudishiwe kazi yake, Alexis aombe radhi (siyo kwangu, kwa Kifaru), na ndoa iendelee, kwa sharti kwamba bwana harusi afundishwe kuosha vyombo mbele ya mashahidi.

(d) Kamati ikikataa yote, naomba nijulishwe mapema ili nimpigie dada yangu mimi mwenyewe. Asisikie kwa mtu mwingine.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina chuki na kijana. Wala sina chuki na umeme, ambao kama nilivyoeleza niliwahi kuuzalisha. Ninachotaka ni kwamba kitu kinapopewa sifa, apewe pia yule anayekishikia waya.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie Mama watoto, mwambie ile achari ya maembe imeisha, nasema tu. Nisalimie wanao, wale wanaonielewa nikiwasemesha Kiswahili na kunijibu Kiingereza, uwaambie mimi nao tunaelewana hivyohivyo. Salamu kwa kwaya yote ya Kingsbury, hasa sauti ya nne. Salamu kwa Mchungaji. Salamu kwa katibu, ingawa Jumapili alicheka. Mama Euphrasie naye msalimie, mwambie namba tano haikuwa mbaya kama anavyofikiri.

Ni mimi, mjomba halali wa bibi harusi, na dereva wake mpaka itakapothibitishwa vinginevyo,

Elinaja Mshana.

Nakala: Mchungaji, Mama Euphrasie, Vinod (abandike ukutani dukani, karibu na betri).

N.B. Leo ni Alhamisi. Nilikuwa sijabandika stempu.

Valeria amepanda ngazi zangu asubuhi hii akitoka kazini, bado na sare ya hospitali, na nyuma yake Alexis, ameuviringisha ule waya wa rangi ya chungwa begani kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Valeria akaniuliza naandika nini. Nikasema naandika vitu vya dukani. Akasoma kichwa cha habari. Ndiyo hasara ya kukipigia mstari.

Akaniambia kwa Kiingereza chake cha Tooting, nami nakutafsiria: “Mjomba, kwani ulidhani nani ataendesha? Alexis? Bwana harusi ampeleke bibi harusi wake mwenyewe kanisani? Uliona wapi?”

Ndugu Mwenyekiti, kalamu niliiweka chini. Nimeendesha mabibi harusi maisha yangu yote. Najua kuliko mtu yeyote kwamba bwana harusi siku hiyo hatakiwi hata kuchungulia dirishani, na jambo hilo halikunijia kichwani, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa breki.

Kumbe nilipotoka, kwenye Mengineyo, Valeria alisimama akasema gari liwe lolote, hata toroli, yeye anachotaka ni shela jeupe, na usukani aushike Mjomba. Nasikia wewe ukagonga meza, ikapita. Ungeweza kunipigia simu. Najua nimesema cheo hakipigi simu, lakini wewe ni mwenyekiti tu.

Alexis akanipa ufunguo kwa mikono miwili. “Muiendeshe pole-pole, tonton, inapenda vile.” Nikamwuliza, na huu waya begani? Wala hakutahayari. “Nilisema inajichaji, tonton. Sikusema inashiba.” Kisha akaenda jikoni kwangu, akaosha vikombe vyangu vyote, hata vya juzi, bila kuambiwa na bila mashahidi isipokuwa mimi. Namba nane ifutwe.

Tukatoka kulijaribu, Valeria pembeni yangu. Tulipofika mteremko wa Putney Hill nikakanyaga breki, lakini siyo kwa papara kama vijana. Niliikanyaga kwa utaratibu, kwa paja. Nakwambia ile sindano ya chaji ilipanda! Valeria anasema ilipanda unene wa unywele. Mimi niliyekuwa kwenye usukani nasema ilipanda wazi, na nina hakika tungeongeza mteremko mwingine tungefika chini betri imefurika. Inavyoonekana gari hili linajichaji vizuri kabisa. Tatizo lililokuwepo ni kwamba lilikuwa halijapata mtu wa kulikanyaga. Haya ni mapaja yaliyowasha Mwanga. Kwa hiyo futa namba moja, mbili na tatu, na sita pia, kwa kuwa gauni linaingia mkia ukitangulia. Namba saba ichanwe kabisa. Tisa nitamwachia Mungu.

Namba nne inabaki palepale: honi. Nimeipatia dawa. Kifaru atakuja nyuma yetu, Vinod akiwa kwenye usukani, na honi yote itapigwa na yeye. Moshi utakuwa wa waalikwa.

Nakunda nimempigia. Nikamweleza kwamba ni gari jipya la kisasa, halina moshi, halina kelele, linajichaji lenyewe. Akauliza, “Wewe ndiye utaendesha?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi. Hayo mengine sina haja nayo.” Na hapo ndipo alipolia, nikamwachia simu Valeria.

Kuhusu meza ya watoto, hilo lisisomwe kikaoni.

La mwisho. Mwombe Mchungaji siku ya Jumamosi atuachie wazi lile dirisha la chumba cha kwaya, lililo jirani na soketi. Siyo kwa ajili ya gari. Gari linajichaji lenyewe, hilo nimelithibitisha mimi binafsi. Ni huu waya tu, nao umeshazoea kutoka dirishani. Zulia la kuufunika nitakuja nalo.